Nauli ya Godoro Kuukuu

Safu hii imezoea kuandika juu ya barabara, bei ya kahawa, mbegu na usafiri wa ziwani. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji kuandika juu ya godoro. Si godoro jipya linaloshushwa melini likiwa limeviringishwa ndani ya nailoni, bali lile lililokwisha: lililobonyea katikati, lenye madoa ya miaka, ambalo mwenyewe halitaki tena, na jirani akipewa hulikataa kwa adabu. Wako watakaocheka. Nasi hatuwazuii, maana kucheka hakutozwi ushuru. Lakini ndugu zetu wa visiwani na wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao wamepata kuwa na godoro la namna hiyo nyumbani, wanajua kwamba jambo lenyewe si la mzaha.

Godoro linaponunuliwa, bei yake hujulikana. Mnunuzi ameipigia hesabu msimu mzima, ameuza usipa au gunia kadhaa za muhogo, na pengine amelipa kwa awamu. Godoro linapokwisha, hakuna ajuaye bei ya kuliondoa. Mkazi wa Mbinga mjini atamwita kijana mwenye mkokoteni, watapatana, na mambo yatakwisha jioni hiyohiyo. Mkazi wa kisiwa cha Lundo au cha Puulu hana mkokoteni wa kuita. Kwake godoro lazima lipande mtumbwi au boti, lishuke ufukweni, libebwe na mchukuzi, lifungwe juu ya pikipiki au lipandishwe gari, ndipo lifike mahali panapokubali taka. Na kila mkono unaolipokea njiani unadai chake, kwa bei inayokatwa papo hapo, kwa kumtazama mtu usoni.

Tuchukue mfano mmoja ili wasomaji waone tunalosema. Godoro la kawaida la futi tano kwa sita, lenye unene wa inchi 8, lina ujazo wa futi 20, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mita moja ya ujazo. Uzito wake, likiwa kavu, ni kama kilo 10 au 12 tu. Mtoto wa darasa la saba hulijitwika. Lakini ndani ya mtumbwi, nusu mita ya ujazo ni nafasi ya abiria au ya magunia. Mwenye chombo hatozi uzito. Hutoza nafasi, na hatuwezi kumlaumu. Hata katika biashara ya meli kubwa duniani, mzigo mwepesi wenye kujaza nafasi hulipiwa kwa ujazo wake, na mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa sawa na tani moja. Kwa kanuni hiyo godoro letu la kilo 10 hulipa kama mzigo wa kilo mia tano na zaidi. Lilipokuja lilikuwa limebanwa na kufungwa, limekuwa dogo kama mkungu wa ndizi. Linaporudi limejiachia, limepanuka, na pengine limelowa. Sponji iliyolowa hufyonza maji mengi sana, na godoro la kilo 10 huwa mzigo wa kuwashinda wanaume wawili.

Basi mwenye godoro hutazama gharama hiyo, hutazama na mfuko wake, kisha hutafuta njia nyingine. Njia zilizopo ni tatu: shimo, moto na maji. Zote zaonekana kuwa hazina malipo.

Tuanze na shimo, kwa kuwa ndilo lenye heshima zaidi. Wazee wetu walilalia mikeka, ngozi na majani makavu, na baadaye magodoro ya sufi na ya pamba. Godoro la sufi halikuwa na mwisho wa ghafla. Likisha kubonyea lilifumuliwa, sufi ikachambuliwa na kuanikwa juani, ikarudishwa ndani ya kitambaa kingine, na maisha yakaendelea. Hata siku lilipotupwa kabisa, ardhi ililipokea, kwa kuwa lilikuwa mmea na likarudi kuwa udongo. Umatengo mlimani wanajua jambo hili kuliko sisi tunaoandika: kilimo chao cha ngolo ni kilimo cha kulaza nyasi zilizofyekwa katika miraba, kuzifunika kwa udongo, na kuziacha zioze zilishe mahindi na maharage. Katika shamba la ngolo nyasi ni mali, si taka.

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wananchi nchini kote vilikusanyika kusikiliza redio, kisha vikatoka kuchimba vyoo na mashimo ya taka. Ilikuwa kazi kubwa iliyookoa maisha, na somo lake la kila nyumba kuwa na shimo lake lilikuwa somo sahihi. Taka za nyumba ya wakati ule zilikuwa majivu, maganda, majani na vumbi la kufagia. Lakini godoro la leo halitokani na mmea. Ni sponji, povu la plastiki lijulikanalo kwa jina la poliyurethani, ambalo kemia yake ilianzishwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Ukilifukia leo, mjukuu wako akichimba msingi wa nyumba atalikuta bado ni sponji. Ushauri wa shimo umebaki uleule. Kilichobadilika ni kitu kinachotiwa ndani yake, na hatukumbuki kusikia mtu yeyote akiwaeleza wananchi mabadiliko hayo kwa sauti kubwa kama ile ya mwaka 1973.

Kisiwani shimo lina tatizo jingine tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu, zenye kuweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ni njema na sababu yake yaeleweka. Lakini twawaomba waheshimiwa walioko ofisini wachukue kamba yenye urefu huo, waende kwenye kisiwa kidogo chenye majabali, wapime mita 60 kutoka upande wa mashariki, kisha 60 kutoka magharibi, kaskazini na kusini, halafu watuoneshe ardhi iliyobaki. Wakiipata, watakuta tayari ina nyumba, ina mihogo, na pengine ina makaburi. Hapo ndipo mwananchi anapoambiwa achimbe shimo la godoro.

Juu ya moto tutasema maneno machache, kwa kuwa hatari yake ni kubwa na yaeleweka upesi. Sponji ikiwaka hutoa moshi mzito mweusi, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi na gesi ya sianidi, zote mbili zenye kuua. Moto wa godoro ndani ya nyumba huweza kumwua mtu kwa moshi kabla mwali haujamfikia. Ukiwashwa uani, wanaouvuta moshi wake ni watoto waliokuja kutazama. Mama anayeota moto huo akidhani anasafisha mazingira hana kosa, hakuna aliyemwambia.

Yabaki maji. Hapa twataka kusema kwa kirefu, kwa sababu ziwa ndilo shina la maisha ya wasomaji wetu, na kwa sababu wengi hudhani kwamba ziwa kubwa kiasi hiki humeza kila kitu.

Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi mahali palipo na kina zaidi, nalo limo miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu kuliko yote duniani. Mito mingi huingia humo, ukiwamo Ruhuhu wetu, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Shire, kule kusini kabisa nchini Malawi. Na Shire hautoi maji mengi: sehemu kubwa ya maji yanayoliacha ziwa huondoka kwa kugeuka mvuke juani. Kuna wakati, tangu mwaka 1915 hadi katikati ya miaka ya 1930, ambapo ziwa lilishuka na Shire ukaacha kabisa kutoa maji. Msomaji ajiulize: maji yakienda angani kwa mvuke, sponji inakwenda wapi? Jua halipandishi godoro mbinguni. Kinachoingia ziwani hubaki ziwani, au hurudishwa ufukweni na mawimbi, mara nyingi kwa mtu asiyekitupa. Upepo mkali wa kusini, ambao wavuvi wa upande wa Malawi huuita mwera, husukuma mawimbi kuja kaskazini kwa siku kadhaa mfululizo. Kilichotupwa kwa siri usiku hufika kwa jirani mchana kweupe.

Tena godoro majini halibaki zima. Hulowa, huchanika, hunyonyoka vipande, na vipande hunyonyoka tena hadi kuwa chembe. Ziwa hili lina aina za samaki mamia kwa mamia ambazo nyingi hazipatikani ziwa lolote lingine, na wale wadogo wa rangi wanaoitwa mbuna huishi kwa kukwangua chakula juu ya mawe ya ufukweni, palepale taka zinaponasa. Wavuvi wa usipa na wa mbasa hawahitaji kuelezwa maana ya nyavu kunasa takataka: nyavu iliyochanika ni siku ya kazi iliyopotea, na siku hiyo haina wa kuilipa. Kwa hiyo yule aliyeokoa nauli ya godoro lake hakuiokoa kabisa. Amemhamishia mwingine deni, na mwingine huyo pengine ni shemeji yake mwenye boti.

Tumesema na wananchi. Sasa tuseme na Serikali, maana nayo inalala.

Kwa mujibu wa sheria hiyohiyo ya 2004, kazi ya kusimamia taka ngumu ni ya serikali za mitaa. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo na kutoza ada, uwezo uliotokana na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982. Wilaya ya Nyasa ilipozaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yake yakiwa Mbamba Bay, wakazi wa mwambao walifurahi kwamba ofisi imesogea karibu na maji. Furaha hiyo ilikuwa ya haki. Lakini utaratibu wa ada ya taka, popote ulipo nchini, umefikiriwa kwa kutazama mji: gari hupita mtaani, kaya hutoa mfuko wake, fedha hukusanywa kwa mwezi. Gari halipiti juu ya maji. Unguja ni kisiwa, lakini ni kisiwa chenye barabara, na taka za mji wake hupakiwa malori hadi jaa la Kibele. Wa Lundo hawana Kibele yao. Na kitu kikubwa kama godoro hakiingii ndani ya mfuko wa taka hata mjini.

Tena tukubali kwamba mwenye magodoro mengi makuukuu kuliko mwananchi yeyote ni Serikali yenyewe pamoja na taasisi za umma. Kila mwanafunzi wa bweni hutakiwa kufika shuleni na godoro lake, na limo katika orodha ya vifaa pamoja na jembe, ndoo na shuka. Amalizapo kidato cha nne, wengi hawalichukui, kwa sababu nauli ya kulirudisha nyumbani inashinda thamani yake. Ni hesabu ileile ya kisiwani, ila mahesabu yamefanywa na kijana wa miaka 17. Vituo vya afya navyo vina magodoro yaliyolaliwa na wagonjwa, yaliyopasuka jalada, ambayo haifai hata kidogo yampitie mtu mwingine. Na mali ya umma haitupwi hivihivi: lazima ikaguliwe, iorodheshwe kuwa chakavu, kibali kitoke. Utaratibu huo huzuia wizi, nasi twauunga mkono. Lakini kibali kikichelewa, stoo hujaa, panya huzaliana, kunguni hupata makao, na siku kibali kinapotoka, karatasi huruhusu mali ifutwe kitabuni bila kusema itakwenda wapi kwa miguu yake.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa namna ambayo yafaa tuijue. Huko Ulaya na Marekani mtu akitozwa fedha siku ya kutupa godoro, wengi hulitupa usiku kando ya barabara. Binadamu ni yuleyule. Kwa hiyo baadhi yao waliigeuza hesabu. Ufaransa, tangu mwaka 2013, mnunuzi wa samani na godoro hulipa mchango mdogo wakati wa kununua, na fedha hizo hugharamia kukusanya na kufumua vilivyokwisha. Jimbo la California lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2013, na mpango ukaanza kufanya kazi karibu na mwanzo wa mwaka 2016. Mwaka 2018 mchango wake ulikuwa dola 10 na senti 50 kwa kila godoro. Jirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2022 sheria ya taka inayomtaka mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Na sponji kuukuu, ikiwa kavu na safi, ina kazi: husagwa, hugandishwa kwa gundi na kushindiliwa, ikawa matandiko ya chini ya zulia au godoro gumu la bei nafuu.

Je, tuige? Hapa hatukubaliani na wale wanaosema ndiyo bila kufikiri. Mchango ukikatwa kiwandani Dar es Salaam au Arusha, utalipwa na mvuvi wa Liuli sawasawa na mfanyabiashara wa mjini, kwa kuwa utakuwa ndani ya bei. Hilo si tatizo kama mchango ni mdogo. Tatizo ni safari ya fedha hizo. Tumewahi kuona fedha nyingi zikiondoka mwambao kwenda mjini. Zile zinazorudi hutembea kwa fimbo. Mvuvi akilipia mapema mwisho wa godoro lake, kisha mwisho huo ukahudumiwa Kinondoni peke yake, atakuwa amelipa mara mbili na kuhudumiwa sifuri.

Kwa hiyo twapendekeza tuanze na lililo mkononi. Chombo kinachopeleka bidhaa visiwani na vijijini hurudi, na mara nyingi hurudi na nafasi. Mfanyabiashara anayeuza godoro jipya kijijini apokee la zamani siku hiyohiyo, na nauli ya kulirudisha ipangwe ndani ya bei, ikiwa imeandikwa wazi ubaoni dukani. Halmashauri ya Nyasa inaweza kutunga sheria ndogo juu ya hili bila kusubiri Bunge. Nauli ya chombo kwa godoro kuukuu itajwe kwa shilingi, ibandikwe kwenye gati na kwenye ofisi ya kijiji, ili bei isikatwe tena kwa kumtazama mtu usoni. Na wananchi wafundishwe kulipunguza kabla ya kulipakia: jalada livuliwe, sponji ikatwe vipande kwa kisu kirefu, ikanyagwe, ifungwe kwa kamba ndani ya gunia. Godoro lililokatwa na kukazwa namna hiyo hupungua sana, na mzigo uliopungua hauna haki ya kutozwa nafasi ya watu wawili. Vyama vya wavuvi na vikundi vya akina mama vyaweza kuifanya kazi hiyo kwa malipo, na vipande vilivyo safi vikajazwa mito na viti. Vya hospitali vitengwe, visichanganywe kamwe na hivyo.

Upande wa bara, barabara ya lami yenye kilomita zipatazo 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeondoa kisingizio kimoja kikubwa. Wanaokumbuka mteremko ule wakati wa masika, magari yakilala njiani na abiria wakisukuma, wanajua kwamba wakati ule kupandisha takataka mlimani kungekuwa kichekesho. Sasa lori lililoshusha saruji na soda pwani ya ziwa huweza kupandisha magunia ya sponji hadi Mbinga na Songea. Je, Mbinga wako tayari kuyapokea? Hilo ni swali kwa Halmashauri ya Mji wa Mbinga, na tungependa kulijibiwa kwa maandishi. Mji unaopokea taka za jirani una haki ya kulipwa, na wilaya mbili zilizokuwa moja hadi juzi hazishindwi kukaa mezani na kupatana bei kwa tani.

Jiwe la msingi la bandari mpya ya Mbamba Bay liliwekwa Septemba 2024. Katika michoro ya bandari za kisasa huwamo maghala, sehemu ya abiria na sehemu ya mafuta. Twawaomba wahusika waangalie pia kama mna banda la kupokea vinavyorudi: liwe na paa ili sponji isilowe, liwe na mizani, na liwe na mtu mwenye kitabu cha stakabadhi. Kama halimo, wakazi wa visiwa wana madiwani wao, na vikao vya baraza hufanyika kila robo mwaka.